SACCOS ya wanachama 300: tovuti imekufa, kundi limejaa salamu

Ndugu Katibu, umesema SACCOS yenu ina wanachama 300, tovuti ya mwaka juzi haifunguki tena, na kundi la WhatsApp limejaa salamu na matangazo ya biashara za watu.

Tovuti kwanza. Mara nyingi hufa kwa sababu jina lake la mtandaoni (anwani mnayoandika kuifungua) lilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyeitengeneza. Akihama, ilani ya kulipia mwaka unaofuata inamfikia yeye, nyinyi hamna habari. Sajilini jina linaloishia na .or.tz kwa barua pepe ya ofisi, nywila wawe nazo watu wawili, na ada ya mwaka iingie kwenye bajeti.

Ukurasa wa mbele usiwe wa hotuba ya mwenyekiti. Mwanachama anafungua kwa simu, kwa bando la siku, akitafuta masharti ya mkopo, fomu na tarehe ya mkutano. Viwekeni juu kabisa. Fomu iwe PDF isiyozidi MB 1. Iliyopigwa picha kwa simu huwa nzito, na ikichapishwa haisomeki.

Kundini, wekeni mpangilio wa viongozi pekee kutuma ujumbe. Maswali yaende kwenye laini ya ofisi, si ya mhasibu binafsi.

Na tafadhali sana, orodha ya wadaiwa isibandikwe kundini hata siku moja. Inamdhalilisha mtu mbele ya majirani zake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweza kuwabana. Mdaiwa apigiwe simu peke yake.