Samaki wakipanda juu alfajiri, weka kopo la chakula chini

Kila Januari simu yangu inajaa video zilezile, sato wamejaa juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi midomo wazi, na chini mtu kaandika "kaka hawa wana njaa, niongeze?" Wadogo zangu, nawapenda ila mnanichosha. Vibwawa vyenu vya turubai na simenti nyuma ya nyumba vina maji mita moja tu, na jua la Dar hii kaskazi mnalijua.

1. Hawana njaa, wanatafuta hewa. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inabaki 7 na nusu hivi, na joto hilohilo linamfanya samaki ahitaji zaidi. Ule ukijani wa maji mnaojivunia, yaani mwani, mchana unatoa oksijeni, usiku nao unaila, ndo maana alfajiri inakuwa pabaya kuliko saa zote. Haya madudu nimeshayafanya mimi. Niliwakuta wamepanda hivyohivyo, nikafurahi, nikasema leo wamechangamka, nikamwaga kopo zima la chakula cha kuelea. Hawakugusa. Punje zinawapita puani, zinavimba, hakuna hata mmoja anayedonoa, na mimi kwa akili zangu nikaona chakula kimechacha, nikaenda kufungua mfuko mpya nikaongeza!! Jua linatoka vizuri, wale wakubwa niliokuwa nawapigia hesabu za Pasaka wako tumbo juu, maana wakubwa ndo hutangulia, vidogo vikabaki vinanitazama. Kambale wachache waliokuwemo wala hawakushtuka, wao wanapanda kuvuta hewa ya juu kisha wanarudi zao chini, wakala kile chakula chote. Nikachimba shimo chini ya mpapai huku jirani ananiuliza ukutani eti mbona leo huwalishi.

2. Lisha jua likishapanda, saa tatu au nne, halafu saa kumi jioni, basi. Kisichoisha ndani ya robo saa kichote. Maji yakipita nyuzi 32 kata nusu, wakigoma waache.

3. Mbolea ya kuku, inayoleta huo ukijani, ipumzike miezi hii. Zamisha mkono, kama vidole vimepotea kabla maji hayajafika kiwiko, kijani imezidi. Dogo mmoja nilimwambia hivi akaniitikia "sawa bro", jioni nampitia namkuta na kiroba kingine mlangoni, kisa amepewa bure.

4. Kivuli weka upande mmoja, shedi neti, siyo makuti yanayodondoka na kuoza ndani. Maji ya bomba yana klorini, yalaze kwanza kwenye simtanki wazi, na usibadilishe bwawa zima siku moja.

5. Siku ya kuogopa zaidi ni ile ya mawingu baada ya jua kali, kijani haijatoa hewa ya kutosha mchana halafu usiku inadai kama kawaida. Siku hiyo usilishe, pampu iwake mpaka asubuhi, na umeme ukikatika chukua ndoo, chota na umwage kutoka juu mpaka washuke wenyewe.