Kasuku na Zamu za Usiku

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni muuguzi, naishi peke yangu katika chumba cha kupanga Kisauni, na zamu za usiku haziniishi. Kuna mtu ananiuzia kasuku wa kijivu. Nimchukue anipunguzie upweke?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mdai muuzaji karatasi. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa Kenya humfugi bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Akianza kuzungukazunguka, mwache na ndege wake.

Tuseme kibali kipo. Mimi nilirithi kasuku wa marehemu mjomba. Miaka miwili baada ya maziko, bado alikuwa akikohoa kile kikohozi cha mjomba, alfajiri, mpaka wageni wanashtuka. (Mama alikuwa akimwitikia, "Pole!") Nilipopata kazi ya kutwa, ndege akajinyonyoa manyoya ya kifua, ngozi ikabaki kama ya kuku aliyetiwa maji moto. Daktari wa mifugo alimpima, akasema hana ugonjwa, anakosa watu tu.

Sasa wewe unarudi asubuhi ukitaka kulala, yeye ndiyo kwanza anapiga mbinja, na jirani yuko ukuta kwa ukuta. Tena huyu huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Parachichi ni sumu kwake, hata moshi wa kikaango cha Teflon kikiungua humuua.

Kwa ratiba hiyo, usimchukue. Ukihamishiwa zamu za mchana, niandikie tena.