Umeona hitilafu kwenye Python? Kiraka kiache kwanza

Nimepata ujumbe wa msomaji ambao najua wengi wenu mngeweza kuuandika. Python anaijua vizuri, akaunti ya GitHub anayo, na anataka jina lake liingie kwa waliochangia lugha yenyewe. Akafungua ukurasa wa ripoti za hitilafu za CPython (yaani Python rasmi, iliyoandikwa kwa lugha ya C), akachagua moja yenye lebo ya "easy", akakuta watu watatu wameshaleta viraka vyao, yaani mabadiliko ya msimbo ya kurekebisha hitilafu. Anauliza: kuna nafasi kweli kwa mtu mgeni?

Ipo, tena kubwa, lakini si pale mnapopanga foleni. Kiraka chenyewe mara nyingi ni mistari michache. Kinachochukua muda ni kuthibitisha kwamba hitilafu ipo, kuipunguza mpaka ibaki mistari kumi, na kujua ilianzia kwenye badiliko gani. Kazi hiyo ndiyo inayosubiriwa na ripoti zilizo wazi, nazo ni maelfu, na waombaji wake ni wachache kwa sababu haileti sifa ya haraka.

Kabla hatujaenda mbali, jambo moja la historia litakalokuokoa na usumbufu. Msimbo wa CPython ulihamia GitHub Februari 2017, lakini ripoti za hitilafu zilibaki bugs.python.org hadi Aprili 2022. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za msimbo utakuta namba za aina mbili: bpo-12345 ni za zamani, gh-12345 ni za sasa. Ripoti za zamani zilihamishwa pia na kupewa namba mpya. Ukitafuta kama tatizo lako limeshasemwa, tafuta kwa ujumbe wa kosa na kwa jina la moduli, na usiishie kwenye zilizo wazi. Zilizofungwa ndizo zenye majibu.

Sasa, je, ni hitilafu kweli? Nyingi zinazoletwa kwa hasira si hitilafu. `round(2.5)` kutoa 2 ni makusudi: nusu huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. `0.1 + 0.2` kutotoa 0.3 kamili ni tabia ya namba za desimali kwenye kompyuta, sihitaji kuieleza tena. `'www.watoto'.lstrip('www.')` inatoa `'atoto'` kwa sababu `lstrip` hupokea seti ya herufi za kuondoa, si neno zima. Hii ya mwisho ililetwa na kufungwa mara nyingi kwa miaka, mpaka toleo la 3.9 la mwaka 2020 likaleta `removeprefix` kupitia PEP 616 (PEP ni hati rasmi ya pendekezo la kubadilisha Python). Kwa hiyo jibu la "si hitilafu" si tusi. Watu wengi wakijikwaa kwenye jiwe lilelile, hiyo inageuka hoja ya kuongeza kitu kipya, ila inapelekwa kama pendekezo, si kama lawama.

Kuna na ile ya kwetu kabisa. Faili la Kiswahili limeandikwa kwa simu, limehifadhiwa kwa UTF-8 (mfumo wa kusimba herufi kuwa baiti), likasomwa kwa `open()` kwenye Windows: "ng’ombe" anatoka "ngâ€™ombe". Simu imeweka ritifaa iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu, na Windows imezisoma kama herufi tatu za cp1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Andika `encoding="utf-8"` na mambo yanaisha. Uamuzi umeshapitishwa, kwa PEP 686, kwamba kuanzia 3.15 UTF-8 ndiyo itakuwa chaguo-msingi kila mahali, hivyo hakuna haja ya ripoti nyingine.

Angalia pia folda yako. Ukiwa na faili lako mwenyewe liitwalo `random.py` au `csv.py`, Python inalichukua hilo badala ya la maktaba. Toleo la 3.13 limeanza kulitaja jambo hili kwenye ujumbe wa kosa. Ya nyuma yanakuacha uhangaike. Na kama tatizo linaondoka ukiitoa maktaba ya nje kama numpy au pandas, ripoti ipeleke kwa wenye numpy au pandas.

Tuseme umepita vizingiti hivyo. Hatua inayofuata ni kujenga Python yako kutoka kwenye tawi la `main`, yaani msimbo wa toleo linaloendelea kutengenezwa. Ripoti ya hitilafu iliyopo 3.8 pekee itafungwa bila mjadala, kwa kuwa toleo hilo liliachwa Oktoba 2024. Kwa Linux:

    git clone --filter=blob:none https://github.com/python/cpython
    cd cpython
    ./configure --with-pydebug
    make -s -j4

Hicho kipande cha `--filter=blob:none` ni kwa ajili yetu tunaonunua data kwa kifurushi. Historia nzima ya mradi ni mamia ya megabaiti, na namna hii unapata orodha ya mabadiliko yote huku mafaili ya zamani yakishuka pale tu yanapohitajika. Wengine watakwambia utumie `--depth 1`. Ni nyepesi zaidi, ila inakata historia, na bila historia huwezi kufanya msako nitakaoueleza hapa chini.

`--with-pydebug` usiiruke. Inawasha ukaguzi wa ndani unaokifanya kifasiri (programu inayoendesha msimbo wa Python) kianguke palepale penye kosa, badala ya mistari mia mbele ambako huelewi tena chanzo. Ukiwa kwenye Mac, programu utakayopata inaitwa `python.exe`. Usishtuke: mfumo wa mafaili wa Mac kwa kawaida hautofautishi herufi kubwa na ndogo, na tayari kuna folda iitwayo `Python`.

Mwisho wa `make`, soma orodha ya moduli zilizoshindikana kujengwa. Watu wengi hupotelea hapa. Kwenye Ubuntu au Debian bila `libssl-dev`, `_ssl` haijengwi. Bila `libffi-dev`, `_ctypes` haijengwi. Kisha unaendesha majaribio, yale ya SSL yanarukwa tu, hayahesabiwi kuwa yameshindwa, na wewe unatangaza kwamba kila kitu kimepita. Hakijapita. Hakikujaribiwa.

Hitilafu ikitokea leo na kesho isitokee, shuku mpangilio wa seti. Tangu 3.3, hashi za maandishi (namba zinazokokotolewa kutoka kwenye maandishi hayo) hubadilika kila unapoanzisha Python upya, hivyo mpangilio wa vitu kwenye `set` nao hubadilika. Endesha kwa `PYTHONHASHSEED=0`, kisha 1, kisha 2, mpaka upate namba inayoleta tatizo kila mara, na uiandike kwenye ripoti. Kifasiri kikifa kwa "Segmentation fault" (kosa la kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), ongeza `-X faulthandler` upate angalau mstari wa Python uliokuwa ukiendeshwa.

Kisha msako. Kama kitu kilifanya kazi 3.12 na hakifanyi kazi `main`, kuna badiliko moja lililokiharibu, na git, programu inayotunza historia ya msimbo, inaweza kulitafuta kwa kugawa njia nusu kwa nusu. Mabadiliko 4,000 yanahitaji hatua kama 12 tu. Weka programu yako ndogo nje ya folda ya mradi, tuseme `/tmp/kosa.py`, ihakikishe inamaliza kwa kosa pale hitilafu inapokuwepo (`assert` inatosha), kisha:

    git bisect start
    git bisect bad main
    git bisect good v3.12.0
    git bisect run sh -c 'make -s -j4 || exit 125; ./python /tmp/kosa.py || exit 1'

Namba 125 inaiambia git iruke badiliko ambalo halikujengeka. Ile `|| exit 1` ya mwisho wengi huiacha, wakashangaa msako umekatika katikati: kifasiri kikianguka kwa "Segmentation fault", ganda la amri linarudisha 139, na git ikiona namba inayozidi 127 inasimamisha kazi yote. Ukiona ujenzi unashindikana mfululizo, umevuka mahali ambapo mfumo wa ujenzi ulibadilika. Safisha kwa `git clean -fdx`, rudia `./configure`, endelea. Kwenye kompyuta mpakato dhaifu hili ni la kuacha likiendelea usiku, umeme ukiruhusu.

Ukishapata badiliko lenyewe, rudi kwenye ripoti uandike: mfumo endeshi, matokeo ya `python -VV`, programu fupi, ulichotarajia, ulichopata, na namba ya badiliko lililoanzisha tatizo. Maoni ya namna hiyo chini ya ripoti ya mtu mwingine yanamwokolea mtunzaji jioni nzima. "Hata mimi napata hili" haimwokolei chochote, na jamani, acheni pia kuandika "naomba nipewe hii". Hakuna anayegawa kazi hapa. Watu wanaweka madai, wanatoweka, na mwenye nia anaogopa kuigusa kwa adabu.

Sasa ndipo kiraka. Anza na jaribio, kwenye `Lib/test`, na uliendeshe kabla hujarekebisha chochote ili ulione likishindwa kwa macho yako:

    ./python -m test test_csv -v -m test_jina_la_jaribio

Jaribio linalopita hata bila kiraka halithibitishi kitu, na wahakiki wanalijua hilo haraka kuliko unavyodhani. Kwa upande wa C, makosa mengi ni ya familia mbili. Ya kwanza: njia ya kosa inarudisha `NULL` bila kuachilia kitu kilichoshikwa, na kumbukumbu inavuja. Hiyo unaikamata kwa `./python -m test -R 3:3 test_csv`: mizunguko 3 ya kupasha moto, 3 ya kuhesabu, na ukiona `[1, 1, 1]` kuna kitu kimoja kinavuja kila mzunguko. Ya pili ni hatari zaidi. `PyList_GetItem` inakupa kitu cha kuazima tu. Ukiita msimbo wa Python wakati umekishika, kwa mfano `__eq__` ya mtumiaji, msimbo huo unaweza kukifuta kwenye orodha, na wewe unabaki umeshika hewa. Dawa ni `Py_INCREF` kabla ya kuita na `Py_DECREF` baada yake. Kuanzia 3.13 ipo `PyList_GetItemRef`, inayokupa kitu kikiwa tayari ni chako.

Andika taarifa ya badiliko kwa `blurb add`, sentensi moja au mbili ambazo mtumiaji wa kawaida ataelewa, kisha fungua ombi la kuunganisha ambalo kichwa chake kinaanza na namba, kama `gh-12345:`. Roboti itakudai makubaliano ya mchangiaji. Yatie saini mara moja tu, yanatosha siku zote. Ukiombwa mabadiliko, ongeza mabadiliko mapya juu ya yale ya mwanzo. Usilazimishe historia kwa `--force`, maana mhakiki anapoteza alama za alipokuwa amefika, na mwishoni yote yanabanwa kuwa badiliko moja hata hivyo. Ukimaliza, andika neno kwa neno "I have made the requested changes; please review again", vinginevyo roboti haibadilishi lebo na ombi lako linaonekana bado linakusubiri wewe.

Halafu kusubiri. Hapa nitasema bila kupaka sukari: kuna viraka safi, vyenye majaribio, vinavyokaa miezi bila mtu kuvigusa. Inauma. Baada ya siku 30 za ukimya vinapewa lebo ya "stale". Kumbusha mara moja, kwa upole, ukitaja kilichobadilika tangu mwanzo, na wakati unangoja hakiki kiraka cha mwenzako: kijenge, endesha jaribio lake bila kiraka na pamoja nacho, andika ulichokiona. Mnaomwaga viraka vilivyotungwa na mashine bila kuvijenga hata mara moja, mnajua kwamba foleni hii ya wenzenu inarefushwa na nyinyi? Mtunzaji anayejitolea akipoteza saa kwenye kiraka kisichojengeka, saa hiyo haimrudii aliyefanya kazi ya kweli.

Jambo la usalama liko nje ya utaratibu huu wote. Hitilafu inayoweza kutumiwa kushambulia watu haiandikwi hadharani. Hupelekwa kwa siri kwa timu ya usalama ya Python, ambayo anwani yake ipo kwenye tovuti ya mradi. Na usitegemee suluhisho la haraka pale ambapo tabia mbaya ndiyo watu walishaizoea. Faili la tar lenye njia kama `../../` liliweza kuandika nje ya folda uliyoichagua. Hilo lilipewa namba CVE-2007-4559 kwenye orodha ya umma ya udhaifu wa usalama, kwenye nyaraka likawekewa onyo, na likaendelea hivyo kwa miaka. PEP 706 ndiyo iliyoleta vichujio kwenye 3.12, na kichujio salama kikawa chaguo-msingi 3.14 tu. Kilichochelewesha ni programu za watu zilizotegemea tabia ileile.

Kiraka chako kikishaunganishwa, lebo za "needs backport" zinaonyesha matoleo ya nyuma yatakayokipokea. Kuanzia 3.13, kila toleo hupata marekebisho ya kawaida kwa miaka 2, kisha miaka 3 ya usalama peke yake. Roboti iitwayo miss-islington hujaribu kukirudisha yenyewe. Ikishindwa kwa sababu mistari imegongana, fanya kwa mkono kwa `cherry_picker`, na usingoje mtunzaji akufanyie. Na kama umekuwa ukichambua ripoti kwa namna hii kwa muda, mwombe mmoja wa watunzaji wakuu akupendekeze kwenye timu ya wachambuzi. Utaweza kuweka lebo na kufunga ripoti. Kuunganisha msimbo bado hutaweza.