Mashine mmemnunulia, stripu je?

Maswali ya kisukari yamejaa wiki hii, nimechukua machache. Wale mnaouliza dozi za insulini, ile sindano ya kushusha sukari, pelekeni kliniki, mi siwaoni wala sijui mmekula nini.

Baba ana kisukari mwaka wa sita sasa. Tumemnunulia mashine ya kupimia lakini hapimi, na anakula ovyo. Ni mkaidi sana, tumfanyeje?

Nyie watoto neno "mkaidi" mnalipenda kweli. Mashine inanunuliwa mara moja, stripu, kile kijikaratasi cha kudondoshea damu, kila ukipima moja inatupwa, sasa kikopo kikiisha nani ananunua kingine? Mzee mstaafu anapiga hesabu kimya kimya, stripu, nauli, unga, afu mnasema hapendi kupima. Na mwingine stripu anazo, ila akipima ikasoma 14 hajui aifanyie nini hiyo 14, anachokijua ni kwamba atagombezwa, kwahiyo ajitoboe kidole ili anunue ugomvi? Mwambieni namba zina maana gani. Asubuhi kabla hajala, watu wazima wengi wanalenga kati ya 4 na 7 (mashine za mmol/L), wazee mara nyingi daktari anawapangia juu kidogo, aulize yake ni ngapi, aandike kwenye daftari na daftari liende kliniki, lisikae kabatini.

Mwulizeni pia kama aliwahi kushukiwa na sukari. Mtu aliyewahi kutetemeka na kutoka jasho akaanguka mbele za watu anaogopa dawa kuliko ugonjwa, anaruka vidonge makusudi au anakula kabla hata njaa haijauma, na hawaambii. Ikishuka chini ya 4 na bado ana fahamu apewe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Hilo la kula ovyo, nani anapika hapo? Nimeshakaa mezani kwenye nyumba baba anawekewa mlima wa wali kwa sababu ndo heshima yake, mchicha kijiko kimoja pembeni, soda ishafunguliwa, na anayemwekea ndo huyo huyo anayelalamika kuwa baba hajijali. Sufuria ikiwa mbili, moja ya mgonjwa haina ladha na nyingine ya watu inanukia ukumbini, hamna mtu atashinda huo mtihani. Pikeni moja, nusu ya sahani iwe mboga za majani, wote mle hivyo. Kisukari cha ukubwani kinatembea kwenye ukoo, nyie wenyewe mko kwenye foleni.

Dona si haina sukari?

Ina wanga kama sembe. Nyuzinyuzi imezidi, sawa, lakini bonge la dona ni bonge tu. Hili nishalijibu mpaka basi.

Sukari yangu imekuwa 5 mwezi mzima, nimeacha vidonge. Nimekosea?

Ndiyo. Imekuwa 5 kwa sababu ya hivyo vidonge! Rudi kliniki, omba na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, wao ndo waamue kupunguza au la.

Kuna dawa ya mitishamba inamaliza kabisa kisukari, mnaionaje?

Anayewauzia anaionaje, ndo swali. Sina ugomvi na majani, hiyo metformini, kidonge cha kisukari mnachomeza, chimbuko lake ni utafiti wa mmea uliotumika Ulaya zamani, tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo na madhara yake yanajulikana. Ninachokasirikia ni ile "acha za hospitali kwanza ndo hii ifanye kazi". Mtoto anayeishi kwa insulini akiachishwa sindano hamalizi wiki nyingi, wengine ni siku tu.

Sina friji, insulini naiweka wapi?

Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga wenye maji, kivulini penye upepo, na chupa uifunge kwenye mfuko isilowe. Chupa uliyoianza inakaa kama wiki nne hivi pasipozidi nyuzi 30, soma karatasi yake. Ya kwa jirani mwenye friji sawa, ila isigande, ikiganda tupa hata kama imeyeyuka ikaonekana nzuri.

Miguu inawaka moto usiku, naloweka maji ya moto napata nafuu. Niendelee?

Acha leo leo! Huo moto ni mishipa ya fahamu inaharibika, na mguu huo huo unapoteza hisia. Kuna mama alitumbukiza miguu kwenye beseni akaona maji vuguvugu tu, mjukuu alivyoshika akapiga kelele, kesho yake nyayo zote malengelenge. Maji ya kuoga pima kwa kiwiko. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, huoni vizuri mpe mtoto akuangalizie, usitembee peku hata uani, na kidonda kikitokea usisubiri tarehe ya kliniki, nenda asubuhi yake. Hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.