Kabla ya kuwasha sumaku, ijue filamu yako

Ukikabidhiwa filamu ya chembechembe za metali, yaani tabaka jembamba sana lenye chembe hizo ndani yake, utatamani kuipeleka moja kwa moja kwenye sumaku uone ukinzani ukishuka. Subiri. Pima kwanza ukinzani huku ukiipoza, maana hapo ndipo utakapojua mkondo unapita njia gani.

Chembe za kobalti zikiwa ndani ya fedha au shaba, elektroni hazitoki kwenye metali hata kidogo, na ukinzani hupungua unapopoza. Kobalti hiyohiyo ikitawanywa ndani ya oksidi ya alumini, ambayo haipitishi umeme, bila chembe kugusana, elektroni hulazimika kupenya kihami hicho ili zifike chembe ya jirani. Chembe ya nanomita chache ni ndogo kiasi kwamba kuiongezea elektroni moja tu hugharimu nishati. Kwa hiyo ukinzani hupanda vikali kadiri baridi inavyozidi, na mara nyingi logi yake hufuata 1/√T, T ikiwa halijoto katika kelvini.

Nasema mara nyingi. Data za kati ya kelvini 300 na 200 zitanyooka kwenye grafu karibu kwa kipeo chochote cha T utakachochagua, 1/2 (yaani √T) au 1/4. Shuka hadi kelvini 10 au chini zaidi kama kifaa kinaruhusu, ndipo uanze kuzungumzia kipeo.

Huko chini jihadhari na mkondo wenyewe. Upunguze kwa nusu, upime tena. Ukinzani ukibadilika, ama unaipasha filamu joto, ama volteji ni kubwa mno na sheria ya Ohm haishiki tena. Geuza pia mwelekeo wa mkondo uchukue wastani, ili volteji zinazoletwa na tofauti za joto kwenye nyaya zijifute.

Sasa washa sumaku. Mwaka 1992 makundi mawili nchini Marekani yalionyesha kwamba chembe za kobalti ndani ya shaba hupunguza sana ukinzani pindi sumaku zake zinapoelekea upande mmoja. Badiliko hilo hukaribia kulingana na mraba wa usumaku wa filamu, basi pima usumaku wa sampuli ileile uchore kimoja dhidi ya kingine. Mchoro huo hutarajiwa kuwa paraboli; ikiwa bapa kileleni, shuku kwamba chembe zinaathiriana au zinatofautiana mno kwa ukubwa.

Mwisho, zungusha uga wa sumaku ndani ya bapa la filamu: kwanza sambamba na mkondo, kisha kwa pembe mraba. Ukinzani ukitofautiana waziwazi, huenda kobalti imeungana mahali fulani ikawa njia moja ndefu.