Madogo wa spedi, shimo likiwa linang'aa msishushe mti

Juzi hapa Columbus, Marekani, nimewakuta madogo wawili wametoka kuchimba shimo kwa spedi ya inchi 90, ile mashine ya visu vikubwa ya kung'oa mti mzima na kuuhamisha, udongo wa mfinyanzi, mvua imepiga usiku kucha, kuta za shimo zinang'aa kama chungu kilichosuguliwa kwa jiwe, na wao hao wanakimbilia lori wakalete mti. Nikawasimamisha. Mmoja wa Kigoma mwingine wa Bukavu, wachapakazi kwelikweli na nawapenda, ila kila ikifika Aprili nakutana na kosa lile lile na mimi nimechoka jamani. Kaeni niwaambie.

1. Pigeni 811, namba ya kuomba mabomba na nyaya za chini ya ardhi zichorewe alama, siku kadhaa kabla. Ni bure, na waambieni mashimo yote mawili, pale mnapong'oa na pale mnapopanda, wengi mnakumbuka moja tu. Rangi ya njano ikichorwa chini hiyo ni gesi, visu visisogee hapo.

2. Pimeni shina, msikadirie kwa macho. Inchi moja ya unene wa shina inataka bonge, yaani mizizi na udongo wake, la upana wa inchi kumi hivi, kwa hiyo spedi ya 90 mwisho wake mti wa inchi 9. Mteja atakubembeleza na wa inchi 12, "si unaingia?" Kuingia utaingia, visu vitafunga na picha itapendeza, lakini mizizi umeiacha kule kule. Hata ukifuata kipimo mizizi mingi inabaki nyuma, ndiyo maana huku kwenye baridi mti unahitaji karibu mwaka mzima kujirudi kwa kila inchi ya shina.

3. Shimo. Hapa ndipo nilipoua mti wa mtu.

Ilikuwa mepo (mti wa maple) ya inchi 8, nzuri, imenyooka. Mzee mmoja alitaka isogezwe kutoka mbele ya nyumba hadi nyuma, kwa sababu wanae walikuwa wanamjengea chumba cha chini asipande tena ngazi. Tuliihamisha kabla haijachipua, muda ulikuwa sahihi kabisa. Shimo nilichimba mimi, udongo umelowa, visu vikalainisha kuta zikawa kama sahani, nikaona, nikasema ah, bonge litakaa tu. Likakaa. Sikukwaruza kuta, sikujaza vizuri ule uwazi unaobaki kati ya bonge na ukuta, na kibaya zaidi nikamwambia mzee mwagilia kila siku, usikose.

Na yeye hakukosa. Alikuwa anaweka kiti chake pembeni ya mti asubuhi, mpira wa maji mguuni, anasubiri. Mwezi wa sita akanipigia kwamba majani yametoka madogo. Mwezi wa saba pembe za majani zikakauka, zikalegea, nikaenda nikatazama nikiwa nimesimama wima, nikamwambia mzee, mti una kiu, ongeza maji. Sikuinama kuchomeka hata kidole. Mti unaozama na mti wenye kiu majani yao yanafanana, wadogo zangu, mizizi ikishaoza haiwezi kupandisha maji hata kama imelala ndani yake.

Mwezi wa kumi tukaenda kuutoa. Visu vilipoinua bonge ilitoka harufu ya mayai viza, na chini shimo lilikuwa beseni, maji yamekaa humo tangu lini sijui, kuta bado laini vile vile nilivyoziacha, hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umepenya. Nikashika mzizi mmoja mweusi, ganda likateleza likabaki vidoleni mwangu kama soksi, ndani kimebaki kiuzi tu. Mzee alikuwa amesimama na fimbo yake. Hakunigombeza. Alisema, "Nilimwagilia kila siku kama ulivyoniambia." Nilimlipa mti mwingine, mdogo zaidi, lakini ile mepo alikuwa ameishi nayo miaka thelathini.

Kwa hiyo udongo ukiwa wa kunata ahirisha, bosi akununie siku mbili. Ukishachimba, shuka na uma wa bustani uparure kuta mpaka zichakae, na ule uwazi ujaze udongo uliovunjwavunjwa pamoja na maji mpaka mapovu yaishe. Maji baadaye yapimwe ndani ya bonge lenyewe, siyo kwenye nyasi za pembeni, maana miezi ya mwanzo mizizi inakunywa humo humo tu.

4. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Na matandazo msiyarundike shinani kama kichuguu, yasambazeni.

5. Mteja umpe maelekezo ya kumwagilia kwa maandishi, halafu urudi mwenyewe mwezi wa sita na wa saba, upige magoti.

Wale madogo wa juzi waliparura kuta hadi saa nane mchana, mikono imejaa malengelenge, wa Bukavu akaniuliza, kaka, hii inatosha? Nikashuka nikapitisha kiganja ukutani, kikakwaruzika. Nikawaambia leteni mti.