Baada ya kipaimara, mtoto anakwenda wapi?

Huku kwetu Kilimanjaro kipaimara ni sherehe hasa. Maturubai yanafungwa, ndafu inakatwa, mtoto anapigwa picha na kila shangazi. Mwezi ukipita, ukimtafuta kanisani humwoni. Nimefundisha kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri kwa muda mrefu, na ushauri wangu kwa mzazi ni huu: usimwachie mwinjilisti peke yake. Mtoto alelewe na jumuiya nzima, kuanzia nyumbani kwako.

Katekisimu Ndogo tunayowakaririsha, Martin Luther aliitoa mwaka 1529, na sehemu zake alimwandikia baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi tumeihamishia darasani. Mtoto anamaliza mafundisho akizitaja Amri Kumi bila kukosea neno, ila hajawahi kumsikia baba yake akiomba kwa sauti. Anzeni hapo, jioni baada ya kula. Muulize "maana yake nini?" kama katekisimu inavyouliza, kisha jibu na wewe kwa maneno yako. Ukikwama, mwambie umekwama, mchungaji yupo.

Kwenye jumuiya ya nyumba kwa nyumba, watoto wengi huonekana wakileta chai tu. Mpe kijana kazi inayotegemewa: asome somo, aandike sadaka kwenye daftari, afuatane na mzee asiye mzazi wake kumwona mgonjwa. Kwetu kijana mmoja aliyekuwa akishika daftari aliuliza mbele ya wote kwa nini tulimwombea jirani naye akafa. Wazee wakainama. Aliyejibu ni bibi mmoja mjane: "Mjukuu wangu, hata mimi nilimwombea babu yako, akafa, na sijui kwa nini. Ila hawa unaowaona hapa ndio waliolala kwangu matanga yote." Sikuwa na somo la kuzidi hilo. Na kijana asingeuliza swali lile darasani, maana darasani anaogopa kufeli.

Jambo hili si geni mlimani. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misheni ya Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi hadi 1938, aliona kwamba ukoo, ujirani na rika la Wachaga vingeweza kubeba usharika. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha wao kwa wao walindane, na umoja huo ukaitwa kwa jina la ngao. Mengine katika mawazo yake siyakubali. Alitamani mno Wachaga wasibadilike. Ila la kutomwacha kijana asimame peke yake alilipatia.

Kisha kuna kukua pamoja, na hapa wazee wenzangu mnisamehe. Kijana akirudi likizo kutoka bweni, ametoka UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo shuleni, na mapambio yake na maombi ya sauti ya juu, tunaanza kunung'unika kwamba ameacha Ulutheri. Hajaacha. Mwombe afundishe pambio moja kwenye jumuiya, mpige makofi hata kama mikono haijazoea, halafu bibi mmoja amfundishe wimbo wa kitabuni na kumweleza aliuimba kwenye msiba gani. Akilalamika kwamba nyimbo zetu zinakokotwa, msikasirike. Mpiga kinanda wetu ameambiwa hivyo na askofu pia.